Barua kwa mwanangu frateri, kabla hujaenda Mongolia

Kamwene mwanangu,

Sa hivi ni saa 5 usiku, mama yako kashalala na umeme ndo umerudi, simu imepata chaji. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu Jumapili ulivyopiga mi sikuongea kitu. Ulisema baba nimepangiwa Mongolia, nikasema haya, nikampa mama yako simu nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye nilikuwa nimetoka kumuangalia muda huo huo. Najua uliumia. Sikukasirika mwanangu. Ni kwamba nilishajipangia moyoni kuwa ukipata upadre utakuwa huku huku, Iringa au hata Songea au Dodoma, mahali mtu unapanda basi asubuhi jioni umefika, na siku nikifa wewe ndo unasimama kwenye kaburi langu na kile chetezo. Hilo ndo lilinikaba koo.

Usiku ule nilichukua atlasi ya mdogo wako nikatafuta. Nikaweka kidole gumba hapa kwetu nikanyoosha shibiri, ikapita Kenya, ikapita Arabuni, ikaenda mpaka inaishia na bado sijafika. Nchi yenyewe imekaa kati ya Urusi na China, haina bahari, na wameandika jangwa, alafu wewe umekulia Kilolo ambako mvua ikichelewa wiki moja watu wanauliza kuna nini.

Lakini kilichonifanya niandike ni lile neno ulilomwambia mama yako, maana aliweka sauti kubwa na mi nilikuwa mlangoni nasikia. Ulisema, mama, nchi nzima Wakatoliki hawafiki hata elfu 1 na mia 5, naenda kufanya nini mimi? Nimekaa na hilo swali wiki nzima, hata nikiwa kwenye viazi nalo linanizunguka. Kigango chetu tu, hili kanisa dogo la kijijini, Jumapili ya kawaida tunakuwa watu mia 3 na zaidi, Pasaka wengine wanasimama nje. Kwa hiyo nchi nzima hiyo ni kama vigango vyetu vitano hivi. Nikaenda kwa paroko, yeye ana kompyuta na bando, tukakaa ofisini kwake jioni mbili tunasoma mpaka mlinzi anakuja kuuliza kama tupo. Na nimempata mtu ambaye nataka umjue kabla hujapanda ndege. Anaitwa Askofu Wenceslao Padilla. Ameshafariki.

Kwanza kabisa huyu hakuwa mzungu, na hili mimi lilinishika sana. Sisi tumekua tunajua mmisionari ni mzungu mwenye ndevu na landrover, anatoka kwao kwenye maziwa na asali anakuja kwenye shida yetu. Padilla ni Mfilipino, kazaliwa tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1949 kijiji kinaitwa Tubao, mkoa wa La Union, kaskazini mwa Ufilipino. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka mia 3, wakaja na Wamarekani juu yake, na mpaka leo watu wake wanatawanyika dunia nzima kutafuta riziki, wengine mabaharia, wengine manesi, wengine wafanyakazi wa ndani huko Uarabuni. Yani ni watu kama sisi mwanangu. Imani waliletewa kama sisi tulivyoletewa, na wao wakainuka kuipeleka kwa wengine. Akaingia shirika la Scheut, akapata upadre 1976, akatumwa Taiwan, akakaa miaka mingi, akajua Kichina vizuri, akawa mkubwa wa shirika lake huko. Mtu ameshazoea, ana marafiki, ana kazi inaeleweka. Alafu ndo akaambiwa anza upya.

Hilo shirika la Scheut lina historia ambayo naomba uisome mwenyewe kwa utulivu, mi nakupa kwa kifupi. Lilianzishwa 1862 kule Scheut karibu na Brussels, na padre anaitwa Théophile Verbist, hamu yake kubwa ikiwa ni kuwapelekea Injili Wamongolia na Wachina. Akafika Mongolia ya Ndani, ile iliyo upande wa China, na 1868 akafa kwa homa ya taifasi akiwa na miaka 44, hata hajakaa sana. Wenzake wakaendelea, na 1888 wakaingia mpaka Kongo, ndo maana Kongo Scheut ni jina kubwa hadi leo. Lakini hii Mongolia yenyewe unayokwenda wewe ilikuja kufungwa na Ukomunisti, dini zote zikapigwa, hata mahekalu ya Wabudha yalibomolewa na watawa wao wakauawa kwa maelfu. Mpaka 1990 serikali ile ilipobadilika, na mwezi wa 4 mwaka 1992 wakaanza uhusiano wa kibalozi na Vatikani. Toka Verbist afe mpaka shirika lake lipate kuingia huko ni miaka 124. Paroko alipiga hesabu mara mbili.

Sasa tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka 1992 Padilla na mapadre wenzake 2 wakashuka Ulaanbaatar. Hapa nilipofika nilimwambia paroko asimame kidogo. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakukuwa na kanisa, hakukuwa na hata Mmongolia mmoja Mkatoliki, na hakukuwa na katekista. Mi nimefanya kazi hii miaka 27, padre akija kwenye kigango anakuta nimeshawaandaa watoto wa komunyo, najua nani mgonjwa apelekewe Ekaristi, nani na nani hawasemeshani, ndoa ipi ina tatizo, na hata akikosea neno la Kihehe mi namrekebisha taratibu watu wasicheke. Hata wale wa kwanza kabisa walioleta imani Tosamaganga, hapa Iringa, nadhani walikuwa na vijana wa hapa wa kuwashika mkono. Padilla hakuwa na mtu kama mimi. Walipanga nyumba, fleti ya kawaida kwenye magorofa ya Kirusi, wanasoma Misa humo ndani watatu wao, na wageni wachache wa nchi za nje waliokuwa wanafanya kazi pale mjini wanakuja.

Wakaanza kujifunza lugha. Mwanangu we umesoma Kilatini na Kiingereza na umelalamika kote kuwili, sasa hii inaandikwa kwa herufi zile za Kirusi na sauti zake nyingine zinatokea kooni huko chini. Usione aibu kuwa kama mtoto wa chekechea. Yule alikuwa na miaka 42, ameshakuwa bosi, akakaa chini kufundishwa kusema maji na mkate.

Na unajua kilichowapeleka kwa watu siyo mahubiri. Hii sehemu ndo imenikaa mpaka nimeshindwa kulala, sikia. Mji ule ni mji mkuu wenye baridi kuliko miji mikuu yote duniani, usiku wa mwezi wa kwanza inaweza kushuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo nyumba zinapashwa moto kutoka kwenye mitambo mikubwa, maji ya moto yanapita kwenye mabomba manene chini ya barabara mpaka kwenye magorofa. Sasa Warusi walipoondoka na hela yao, viwanda vikafa, kazi zikaisha, baba za watu wakaingia kwenye pombe, na watoto wakatoka majumbani wakawa wanaishi barabarani. Baridi ile barabarani mtu hamalizi usiku. Wakaingia chini. Wanainua mfuniko wa chuma wa barabarani, wanashuka kwenye shimo, wanalala wamejibana kwenye mabomba ya maji ya moto, pamoja na panya na uchafu, bomba likipasuka wanaungua. Watoto wa umri wa mdogo wako hao. Asubuhi wanatoka mmoja mmoja wamejaa masizi kwenda kutafuta mabaki.

Padilla na wenzake waliwaona hao watoto. Wakaanza kuwalisha na kuwaogesha, wakafungua kituo cha kulelea, wakakiita kwa jina la Verbist yule aliyekufa 1868 bila kuiona nchi hii ikifunguka. Masista nao wakaja, wa Mama Teresa na wengine, shule zikaanza, chekechea, ufundi, zahanati. Wamongolia wakaanza kujiuliza hawa watu ni kina nani na kwa nini wanafanya hivi. Nadhani swali lako la naenda kufanya nini, na yeye alikuwa nalo kwenye ile fleti, alafu akalikuta limelala ndani ya shimo la barabarani.

Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II akaifanya misheni ile kuwa Prefektura ya Kitume, yani kama jimbo changa, na 2003 mwezi wa 8 Padilla akapewa daraja la uaskofu hapo hapo Ulaanbaatar, askofu wa kwanza wa nchi ile. Sasa we fikiria askofu wetu akija parokiani inavyokuwa. Pikipiki zinakwenda kumpokea mpaka njia panda, watoto wa Utoto Mtakatifu wako mbele na vitenge vyao, kina mama wa WAWATA wanapiga vigelegele, mbuzi watatu wako kwenye moto toka alfajiri. Na ni vizuri, mi napenda, ni heshima yetu. Lakini askofu wa misheni kule ni mtu wa kuhangaika na vibali vya kukaa vya masista, usajili wa kila kanisa serikalini, kuandika barua za kuomba msaada Korea na Ulaya, kukaa na mlama wa Kibudha wanywe chai wajuane, na bado Jumapili anasoma Misa kwa waumini wachache kiasi kwamba anamjua kila mmoja kwa jina na anajua jana alikula nini. Mi hapo ndo nimemwelewa. Huo uaskofu ni kama ukatekista mkubwa.

Kanisa kuu walilijenga likabarikiwa mwaka ule ule wa 2003, la Watakatifu Petro na Paulo. Ni la mviringo, limefanana na ger, yale mahema yao ya manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa, ambayo wafugaji wanahama nayo. Nimeliangalia sana kwenye picha. Ukiwa mbali unaona kama hema kubwa limekaa mjini.

Sasa hesabu uliyoitaka ni hii hapa, nakupa kama ilivyo. Toka 1992 hana mtu, mpaka anafariki 2018 Wakatoliki wa nchi ile walikuwa kama elfu 1 na mia 3. Miaka 26. Padre wa kwanza Mmongolia, Joseph Enkh-Baatar, amepata upadre tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka 2016, mikono ya Padilla juu ya kichwa chake. Padilla amesubiri miaka 24 kuona padre mmoja. Na miaka 2 baadaye moyo ukasimama, tarehe 25 mwezi wa 9, zimebaki siku 4 atimize 69. Amefia kule kule. Mi sitaki nikudanganye kwamba utaona mavuno mwanangu. Inawezekana ukazeeka hapo umebatiza watu wanaoingia kwenye koasta moja.

Aliyempokea kijiti umeshamsikia, Giorgio Marengo, Mwitaliano, wa shirika la wamisionari wa Consolata. Papa Fransisko alimfanya kardinali 2022 akiwa na miaka 48, mdogo kuliko makardinali wote wakati huo, kwenye kundi la watu wanaoenea kwenye kanisa moja. Na Consolata ndo wale wale waliokuja Iringa 1919 baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa na vita. Babu yako alibatizwa nao. Kwa hiyo unaona hii kamba ilivyozunguka. Marengo huwa anasema kazi yao kule ni kuinong'oneza Injili. Mi nimezoea kuhubiri kwa spika na jenereta, hilo neno nimelitafakari sana na ninaona lina haki yake, maana hata mtu mgonjwa kitandani humpigii kelele.

Papa Fransisko alikwenda mwenyewe kule, mwezi wa 9 mwaka 2023, mzee wa miaka 86 kwenye kiti cha magurudumu, ndege saa nyingi, kwenda kuona watu 1,450. Kuna mama mmoja alimsalimia ndani ya ger. Huyo mama miaka ya nyuma, wakati hata si Mkristo, alikuwa anaokota vitu jalalani, akakuta sanamu ya mbao ya mwanamke imefungwa kwenye kitambaa. Hakujua ni nani. Akaona ni mzuri, akamfuta, akamuweka kwake kwenye hema. Ndo Bikira Maria huyo ambaye leo yuko kwenye kanisa kuu na Papa amembariki. Nilimsomea mama yako habari hiyo akawa kimya muda mrefu, alafu akasema, kumbe alifika kabla ya mapadre. Toka hapo hajalia tena mbele yangu, ingawa najua jikoni analia.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuambia. Nikiwa na miaka kama 9 tulikuwa na padre mzee Mwitaliano, alikuwa anakuja kigangoni kwetu kila mwezi na pikipiki. Siku moja akapata barua, mama yake amefariki kwao, na barua yenyewe imekaa njiani karibu mwezi, kwa hiyo alishazikwa zamani na nyasi zimeota. Akasoma Misa ya kawaida, mwisho akasema tu kwa Kiswahili chake, naomba mumuombee mama yangu. Bibi yako mzaa baba akasimama kanisani akasema, padre, kwenu msiba hauna matanga? Akasema hauna kama wenu. Mabibi wakatoka. Mchana ule wakarudi na unga, maharage, kuni vichwani, mtungi wa ulanzi, wakatandika mikeka nje ya ile nyumba ndogo ya padre wakakaa. Wanaume wakawasha moto. Tulilala pale siku 3, msiba wa mwanamke wa Italia ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuona. Na mi nakumbuka yule mzee wa kizungu amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja vibaya haijazoea, bibi yako kamshika mkono wa kushoto, analia kwa sauti kabisa kama mtu wa kwetu.

Miaka yote hii nikiikumbuka nilikuwa naona wema wa bibi. Wiki hii ndo nimemfikiria yule mama wa Italia. Kwamba kuna siku mwanae alimwambia mama nimepangiwa Tanganyika, na yeye akaenda kuangalia ng'ombe. Kwamba alikuwa anaangalia ramani na yeye. Kwamba kila tulipokuwa tunampa padre kuku na mahindi ya kuchoma sisi tunafurahi, kule kuna kiti mezani kina mtu mmoja pungufu, na hatukuwahi hata siku moja kumshukuru. Na mama yake Padilla pale Tubao hivyo hivyo. Sasa zamu imekuja kwenye mji wangu, mwanangu, na mi sina ujanja wa kusema wao watoe sisi tupokee tu.

Kwa hiyo jibu langu la Jumapili ambalo sikulitoa ni kwamba nenda. Nimeridhika. Naumia na nimeridhika, vyote viwili viko humu ndani na sitaficha kimoja.

Ukifika, kula wanachokula. Ni nyama ya kondoo asubuhi mchana jioni, na chai yao ya maziwa wanatia chumvi, na kuna maziwa ya farasi yaliyochachushwa wanakunywa kipindi cha joto, ukipewa usikatae, ni kama mtu anakukaribisha ulanzi. Kwenye mlango wa ger usikanyage kizingiti. Watoto wa chini ya miaka 16 ukitaka waje kwenye mafundisho lazima mzazi akubali kwa maandishi, ndo sheria yao, iheshimu wala usiizunguke. Na ukikaa na wafugaji waulize habari za dzud, yani baridi inayogandisha barafu juu ya majani mpaka mifugo inakufa imesimama, ile ya 2009 kuingia 2010 ilimaliza mifugo zaidi ya milioni 8 na familia nyingi zikahamia pembeni ya mji hazina kitu. Wewe umeshamuona babu yako mwaka ule ng'ombe walivyoisha kwa ugonjwa. Hapo utakuwa na la kuongea nao hata lugha ikiwa bado.

Na ukipata mtu wa kule wa kukusaidia lugha na kukuonyesha nyumba za watu, mheshimu huyo kuliko unavyojiheshimu mwenyewe. Nasema hivi kama katekista.

Jumapili baada ya Misa nitatangaza kigangoni. Nimewaambia wazee wa baraza tu mpaka sasa, na mwenyekiti wa jumuiya yetu ameshasema watachangia nauli ya kuja Dar kukusindikiza, tutakuwa kama 12 hivi, mama yako na shangazi zako wote wawili ndani. Usibishe.

Nitumie namba ya kiatu chako kesho asubuhi, nimesahau kama ni 42 au 43. Yule kijana wa mitumba pale Mlandege ameniambia Jumanne anafungua belo la mabuti ya baridi, yale ya manyoya ndani, na nimemuomba asiuze mpaka nifike. Mama yako sweta ameshafika kwenye mikono, ni ya bluu.

Baba yako